Bahasha Ishirini na Sita

Kaka yangu Ethelbert alishuka kwenye feri pale Hillsborough, bandari ya kisiwa chetu, tarehe mbili Mei akiwa na masanduku mawili, viatu vipya vya kazi ambavyo havijawahi kuona kazi, na tiketi ya ndege yenye jina la Mama. Tiketi ndiyo aliyoitoa kwanza. Hata chai sikuwa nimemaliza kummiminia.

Nimsifu kabla sijaanza kumsema. Ethelbert ni mkubwa wangu kwa miaka mitano, na kwa miaka thelathini na minne amekuwa fundi wa lifti kule Brooklyn, akipanda na kushuka ndani ya majengo ya watu. Macho anayoonea Mama leo yalipasuliwa kwa pesa zake. Kila Desemba pipa lake hufika bandarini limejaa mchele, sabuni, soksi na samaki wa kopo, eti samaki, kwetu sisi tuliozungukwa na bahari pande zote. Ila yeye mwenyewe alikuwa hajakanyaga kisiwa hiki cha Carriacou kwa miaka kumi na mmoja.

Kimbunga cha mwaka uliotangulia ndicho kilichomleta. Kilichukua paa lote la nyumba ya Mama, pale kijijini kwetu Windward, na bati moja tu ndilo tulilolipata, limejikunja makaburini. Mama ana miaka themanini na sita. Tangu siku ile alikuwa analala kwangu, kwenye chumba kilicho nyuma ya tanuri langu la mikate, na hakuacha kunikumbusha kwamba nyumba yangu ina joto. Kila asubuhi alitembea na mkongojo wake mpaka kwake, akafagia sakafu iliyo wazi kwa jua, akarudi kunywa chai.

Na hapa kwetu paa si paa tu. Kisiwa hakina mto hata mmoja. Maji tunayokunywa ni ya mvua, yanatoka juu ya bati, yanapita kwenye mifereji, yanaingia kwenye tangi lililojengwa ubavuni mwa nyumba. Mvua za Juni zilikuwa njiani, na tangi la Mama lilikuwa na vumbi na mijusi.

Ethelbert alianza hotuba yake pale pale mezani kwangu. Kutoka mlangoni kwake hadi hospitali ni mitaa minne. Huku, daktari wa moyo ukimtaka unavuka bahari kwenda Grenada huku unatapika njia nzima. Kule umeme haukatiki. Kule yai ni nusu ya bei ya huku, ingawa kuku tunawaona wanapita barabarani. Kisiwa cha watu elfu tisa, akasema, kinaishi kwa mapipa ya waliohama. Nilimwambia asituletee dharau. Akasema si dharau, ni ukweli, na kilichoniuma ni kwamba mengi yalikuwa ukweli kweli.

Nikamuuliza jirani yake wa mlango wa pili kule Brooklyn ni nani.

"Kuna mtu ana mbwa," akasema.

"Anaitwa nani?"

"Biskuti."

"Huyo mtu?"

"Mbwa."

"Na mwenye mbwa?"

Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Amekaa kwenye jengo lile miaka kumi na tisa. Nilicheka mpaka nikafuta machozi, na Mama akaniambia niache kumsumbua mwenzangu. Kisha akamgeukia yeye akamwambia kwa upole kwamba akiwa na paa lake, haendi popote. Wakakubaliana mbele yangu: paa likikamilika kabla ya tarehe thelathini, siku ya safari, Mama anabaki. Lisipokamilika, anapanda ndege.

Mimi niliwasha tanuri siku iliyofuata nikiwaza ndege ile tu. Nilishaona wazee wetu waliopelekwa kule. Wanakaa dirishani ghorofa ya kumi, wana joto, wana dawa, wanapiga simu kuuliza kama mbuzi wa fulani amezaa. Sikutaka Mama yangu awe wa kuuliza habari za mbuzi kwa simu.

Ethelbert hakufanya hila, nasema haki yake. Alinunua mabati, mbao na misumari kwa dola zake, vikaletwa kwa meli ya mizigo, vikapangwa uwanjani kwa Mama. Sisi wenyewe tusingeweza, hata kwa miaka mitatu. Kisha akampigia simu mkandarasi mmoja wa Grenada, akamlipa malipo ya awali, akangoja. Alikuwa amezoea nchi ambayo ukishalipa, mtu anakuja. Yule bwana alikuja kwenye simu tu. Jumatatu alisema Alhamisi, Alhamisi akasema wiki ijayo, na wiki ijayo ilipofika akasema amepata hoteli ya kuezeka, atatukumbuka Agosti. Pesa alirudisha, hilo tumshukuru.

Ethelbert alikaa juu ya rundo la mabati amejishika kichwa. Mama akamwambia, "Si ungeenda tu kuzungumza na Alban."

Alban ni mjenzi wa mashua, jirani yetu wa upande wa bahari, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Alimsikiliza Ethelbert, akaja kuzunguka nyumba ya Mama mara moja, akapapasa kuta, akasema, "Jumamosi." Basi. Hakukuwa na karatasi wala bei. Ethelbert aliniuliza jioni hiyo kama mtu akianguka kutoka juu ni bima ya nani itakayolipa. Nikamwambia anayeanguka ataanguka juu ya jirani yetu Ionie, ambaye ana upana wa kutosha kumdaka.

Kazi hiyo tunaiita maruni. Mtu ana shamba la kulima au paa la kuezeka, anasema siku, na kijiji kinakuja. Mwenye kazi anapika. Kesho ni zamu ya mwingine, na mwenye kazi wa jana anakwenda kwake. Kila mtoto wa Windward anajua hilo kabla hajajua kusoma, na Ethelbert pia alilijua zamani, lakini lilikuwa limemtoka kama lugha ya utotoni.

Ijumaa alinijia na kalamu akaniomba majina ya watakaokuja, anataka kuwashukuru. Nikamtajia yote, ishirini na sita. Baadaye nilipopita na sinia la unga nikamwona mezani anatia noti za dola hamsini za Kimarekani ndani ya bahasha, moja moja, na kuandika majina kwa herufi nzuri. Nilisimama pale mlangoni. Nilijua kitakachotokea kama ninavyojua mkate usioiva. Nami nikafunga mdomo wangu, nikarudi kukanda unga, nikajisemea moyoni: acha bwana mkubwa ajifunze. Nalisema hili waziwazi kwa sababu karibu nimpoteze Mama kwa ajili ya hasira yangu ndogo.

Jumamosi walikuja kabla jua halijapanda. Wanaume na vijana juu, sisi wanawake chini kwenye mawe matatu na masufuria makubwa. Tulisonga mahindi na mbaazi, tukayaviringa mabonge, tukachemsha kondoo wawili. Kabla mtu yeyote hajala, Mama alitenga sahani ya kwanza ya wazee waliotangulia, akaifunika kwa kitambaa cheupe, akaiweka ndani kwenye meza yake. Alban aliongoza bila kupaza sauti. Ethelbert alipewa kazi ya kupitisha misumari, na kila aliposita kwenye ngazi walimtania.

"Fundi wa lifti," akasema Alban kutoka juu, "hapa hakuna kitufe. Tumia miguu."

Kaka yangu alicheka kuliko nilivyowahi kumsikia kwenye simu. Hadi alasiri kenchi zote zilikuwa zimesimama, na upande wa mashariki ulikuwa umeezekwa wote. Upande wa magharibi ulibaki mapao matupu. Kazi ya siku moja na nusu, kila mtu aliona hivyo, nao walikuwa wameshaanza kuegemeza nyundo na misumeno yao kwenye ukuta wa ndani, maana chombo huachwa pale utakaporudi.

Ndipo akatokea na bahasha.

Alizunguka kwa heshima zote, anampa kila mtu yake kwa mikono miwili, anamwambia asante. Hakuna aliyekataa, kwa sababu Mama alikuwa ameketi pale pale. Mazungumzo yalikatika tu. Alban aliisoma bahasha yake, akasoma jina lake lililoandikwa vizuri, akasema, "Haya." Akaingia ndani akachukua msumeno wake. Mwingine akachukua nyundo yake. Katika robo saa ukuta ule ulikuwa mtupu na uwanja ulikuwa mtupu, na Ethelbert akasimama katikati yake akiwa bado anatabasamu.

"Naona wamechoka," akaniambia.

Jumapili ni siku ya kanisa. Jumatatu hakuja mtu. Lakini duka langu la mikate lilijaa. Kila aliyekuja aliweka pesa ya mkate kaunta, na kando yake akaweka bahasha haijafunguliwa. Walisema tu hii ni ya kaka yako, wakauliza hali ya Mama, wakaondoka. Ni Ionie peke yake aliyesema zaidi. Ionie ni rafiki yangu tangu shule, na mdomo wake haujawahi kulala.

"Shoga, mwambie huyo kaka yako sikujua amefungua kampuni," akasema. "Ningejua ni kibarua, ningemtajia bei yangu mapema. Na bei yangu haitoshi kwenye bahasha."

"Hakukusudia, Ionie."

"Najua hakukusudia. Ndiyo maana nimenunua mkate. Ningedhani amekusudia, ningenunua ule wa mfuko unaoletwa kwa meli."

Ilipofika saa nne bahasha zilikuwa ishirini na sita kamili. Nikazifunga kwa kitambaa, nikampelekea kwenye nyumba ya Mama, alikokuwa anaangalia barabara tangu asubuhi. Mama alikuwa ameketi upande wa mashariki, chini ya bati jipya, anachambua mbaazi.

Ethelbert alizihesabu bahasha. Kwanza alikasirika. Aliuliza ni kosa gani mtu kumlipa mtu, kwamba kule kwao usipolipa ndiyo tusi, kwamba alipofanyiwa upasuaji wa goti, mkewe akiwa kazini mchana kutwa, alimlipa mwanamke kwa saa amletee supu, na wote wawili wakaheshimiana. Kisha sauti ikapungua. Akasema mwanamke yule alikuwa mwema sana. Akasema saa zake zilipokwisha aliondoka, na supu ilikuwa bado ya moto.

"Paa la kwanza la nyumba hii," Mama akasema, "liliwekwa na baba yake Alban. Baba yako akampa siku nne kwenye mashua. Alban akazaliwa, mimi nikamlea wiki mbili mama yake akiwa mgonjwa. Wewe ulipovunjika mkono ni nani alikubeba hadi Hillsborough? Ni yeye Alban, mgongoni. Sasa wewe Jumamosi umemwambia tumemalizana. Dola hamsini, kwaheri."

Mimi sikuweza kuendelea kuficha.

"Mimi nilikuona," nikamwambia. "Ijumaa, ukitia zile noti. Nilijua, nikanyamaza. Nilitaka uaibike. Nisamehe."

Nilitegemea anitukane, na alikuwa na haki. Akanitazama, akauliza, "Ulinitajia majina yote ishirini na sita?"

"Yote."

"Na tahajia yake?"

"Na tahajia yake."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka mbaazi zikamwagika, na Ethelbert akainama kuziokota, nikaona mabega yake yanatikisika, naye pia anacheka, au kitu kilicho karibu na kucheka. Alipoinuka aliuliza sasa afanye nini. Mama akasema Alban yuko ufukweni ana mashua haijatiwa kalafati, na Ethelbert ana mikono miwili.

Jumanne alikwenda na vile viatu vyake vipya. Alban hakumsalimu zaidi ya kumpa patasi na furushi la pamba. Kalafati ni kazi ya subira: unasukuma pamba kwenye kila mwanya kati ya mbao, nyundo, nyundo, nyundo, ukiwa umelala chini chali na mchanga kwenye masikio. Alimpa upande wa chini kabisa, ule ambao hakuna anayeutaka. Kaka yangu alirudi jioni hawezi kukunja vidole. Nilimpakaa mafuta ya nazi, akalala pale pale mezani, uso karibu na sahani.

Jumatano alishuka ndani ya tangi la maji la Ionie kukwangua tope la mwaka mzima. Ionie alikaa mdomoni mwa tangi akimsimulia habari zote za kisiwa za miaka kumi na mmoja, na kule ndani hakuwa na pa kukimbilia. Alhamisi alichimba shimo la nguzo kwa jirani mwingine, Ijumaa akarudi kwa Alban. Watu walimtania kila alipopita, na mtu akitaniwa Windward ujue ameshasamehewa nusu. Nusu ya pili ilikuja Ijumaa jioni, Alban alipopita dukani kwangu.

"Kesho tunamalizia," akasema. Akachukua mkate wake, akafika mlangoni, akageuka. "Mabati aliyonunua ni mazuri. Mazito. Mwambie."

Walikuja wote ishirini na sita. Saa sita mchana kofia za bati zilikuwa zimepigiliwa juu kabisa na mifereji ilikuwa imeunganishwa. Ethelbert alikuwa juu ya paa, si kwenye ngazi. Aliposhuka hakutoa kitu ila sahani za chakula, na mkono wake ulikuwa na malengelenge kiasi kwamba Alban aliushika akaugeuza, akauonyesha kwa wengine kama samaki mzuri. Mama alihamia kwake alasiri hiyo hiyo. Alikataa kubebewa mto wake.

Jumapili mvua ilikuja mapema kuliko kawaida, mchana, tukiwa mezani kwake. Ilipiga bati kwa kishindo mpaka tukashindwa kusikilizana. Kisha tukasikia maji yanaingia tangini, kwanza kwa matone, halafu kwa mfululizo. Mama akaweka kijiko chini akasikiliza. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi, nikala mara ya pili bila njaa.

Ningeweza kuishia hapa, lakini haikuishia hapo.

Kaka yangu hapendi kudaiwa. Hivyo ndivyo alivyoishi kule na hivyo ndivyo alivyofanikiwa. Jumatatu na Jumanne alikwenda tena kufanya kazi kwa watu, na Jumanne jioni akatuambia ameshatoa siku kwa watu watano, bado ishirini na mmoja. Alikuwa amepiga simu kwa mkewe, Paulette, na kwa shirika la ndege. Tiketi ya Mama ameifuta. Yake ataisogeza mbele wiki tatu na ushei, amalize wote, aondoke akiwa safi. Jumatano asubuhi angethibitisha. Nilifurahi. Nilianza hata kupanga nitapika nini.

Jumatano asubuhi, pale kwa Mama, viatu vyake vya kazi havikuonekana. Alitafuta barazani, uani, chini ya meza, akanishuku mimi, na kwa historia yangu sikumlaumu. Mama alikuwa ameketi kitandani kwake, mkongojo mapajani.

"Nimevificha mimi," akasema. "Usisogeze tiketi. Nenda Ijumaa kama ilivyoandikwa."

"Mama, bado watu ishirini na mmoja."

"Wabaki."

"Siwezi kuondoka na deni la watu wote hao."

"Mara ile nyingine uliondoka huna deni la mtu hata mmoja," Mama akasema. "Ulilipa kila kitu, hata teksi ukaizidishia. Nikangoja miaka kumi na mmoja."

Ethelbert aliketi kitandani kando yake. Mimi ndiye niliyeshindwa kuelewa, nikasema kwa sauti, "Lakini Mama, hizo ni wiki tatu zaidi za kuwa naye."

"Wiki tatu sizitaki," akasema. "Namtaka yeye."

Basi Ijumaa tulimpeleka gatini Hillsborough amevaa viatu vyake vya mjini. Alikuwa na sanduku moja. La pili lilibaki kwa Mama. Nusu ya Windward ilikuwa pale, wengine kwa shughuli zao, wengine wakijifanya wana shughuli. Alban alikuja na shati lake safi. Hakuaga. Alisema mashua itashushwa majini mwezi wa nane, kabla ya mashindano ya matanga, na kazi ya kuivuta hadi majini inataka watu wengi.

"Mimi nilishakupa siku mbili," Ethelbert akasema.

"Ulinipa siku mbili za kalafati," Alban akajibu. "Upande mmoja utavuja."

Ethelbert akasema atakuja. Aliwahi kulisema hilo miaka mingi kwenye simu, nami nilijua namna anavyolisema. Safari hii alilisema akimtazama Alban, mtu aliyewahi kuondoka na msumeno wake, kisha akamtazama Ionie, ambaye alikuwa ameshaanza kumtajia uzio wake wa kuku.

Alipanda feri. Mama alimpungia mkono mara moja, akaniambia twende nyumbani, jua kali.

Viatu viko chini ya kitanda chake mpaka leo, na tope la tangi la Ionie limekauka juu yake. Mara mbili nimetaka kuvisafisha. Mama amenikataza.